Kutenga Siku za Kazi za Kuzuka katika Mpango wa Kazi wa Chama

Kila mwaka, kabla masoko ya tumbaku hayajafunguliwa, Bodi ya chama cha msingi hukaa pamoja na watumishi wake ili kupanga siku za kupokea, kupima na kuuza tumbaku ya wanachama. Katibu huuandika mpango huo, nakala yake hubandikwa ukutani, na tarehe hutangazwa vitongojini. Kwa kuutazama tu, mpango hupendeza: kila siku imepewa kazi yake, kila kazi ina jina la mtumishi mbele yake, wala hapana mahali palipobaki patupu. Masoko huanza. Kabla ya wiki ya pili kwisha, karatasi ile ingali ukutani lakini hakuna tena anayeifuata.

Sababu zitolewazo katika mkutano wa mwisho wa msimu hufanana mwaka hata mwaka. Lori la mnunuzi liliharibika njiani. Kulikuwa na msiba. Wakaguzi walifika bila taarifa. Marobota ya mwanachama fulani yalikataliwa na wateuzi kwa kuwa madaraja yalichanganywa, ikabidi yafunguliwe na kupangwa upya. Mtandao ulikatika wakati orodha ya malipo ilipokuwa ikipelekwa benki. Kila sababu ni ya kweli, na hakuna aliyeweza kuitaja siku yake mapema. Hata hivyo, zikitazamwa kwa pamoja, hapana msimu hata mmoja ambao hazikutokea. Mpango usiozihesabu ni mpango wa msimu ambao haujapata kuwapo.

Anayelipa gharama ya kosa hilo ni mwanachama. Mkulima aliyeambiwa kwamba zamu yake ni tarehe 12 hukodi mkokoteni wa ng'ombe, hupakia marobota kabla ya alfajiri, akafika ghalani jua linapochomoza. Akikuta mizani imesimama kwa sababu foleni ya juzi haijakwisha, hana pa kuyarudisha. Jani la tumbaku lililokwisha kukaushwa halivumilii kungoja: likikauka mno huvunjika-vunjika likishikwa, likipata unyevu mwingi hushika ukungu, na yote mawili hushusha daraja. Tena mkulima huyo naye ametoa ahadi zake kwa tarehe ile ile aliyopewa na chama: kwa vibarua waliomchumia, kwa mwenye duka, kwa shule anayosoma mtoto wake. Malipo yakichelewa, hukopa kwa mtu binafsi kwa riba ambayo Mkutano Mkuu usingeikubali kamwe kama ingeletwa mbele yake.

Kazi hizo zisizopangwa zitaitwa hapa kazi za kuzuka. Yafaa zitofautishwe na likizo, sikukuu za taifa, siku za dini na vikao vya kawaida vya Bodi. Tarehe za mambo hayo zinajulikana, au zinakadiriwa kwa karibu sana, kwa hiyo yanatolewa katika hesabu mwanzoni kabisa. Kazi ya kuzuka ni ile ambayo kuja kwake kuna hakika lakini siku yake haijulikani.

Funzo la njia ya misafara

Watu wa Tabora hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwa kuwa mji wenyewe ulikua kwa sababu ya njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo na bandari za jirani ilipita Ugogo, ikavuka nyika kavu ya Mgunda Mkali, na kufika Unyanyembe. Hapo njia iligawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine ikipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mizigo ilibebwa na watu, aghalabu frasila mbili kwa mpagazi mmoja, yaani kilo 32 hivi, na wapagazi waliosifika kupita wote walikuwa Wanyamwezi.

Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Burton aliandika kwamba hiyo ilikuwa siku ya 134 na kwamba walikuwa wametembea walau maili 600. Msafara uliozoea njia uliweza kwenda maili 10 hivi katika siku moja ya mwendo. Karani anayejua kugawanya tu angeandika siku 60, akatia sahihi na kupiga muhuri. Nyingi ya siku zilizozidi, ambazo ni zaidi ya 70, zilikwenda katika mambo ambayo hesabu ya kugawanya haiyaoni: homa, punda waliokufa, wapagazi waliotoroka na wengine wakatafutwa badala yao, kungoja mizigo, na hongo.

Hongo inastahili kutazamwa kwa makini. Kila tajiri wa msafara alijua kwamba watawala wa Ugogo wangedai ushuru kabla ya kuruhusu kupita na kunywa maji ya visima. Ndiyo maana vitambaa, shanga na nyaya za shaba za kulipia hongo zilifungwa tangu pwani. Ila hongo ilikuwa na gharama ya pili. Mashauri ya kiasi cha kutoa yangeweza kuchukua asubuhi moja, au siku mbili, au zaidi, na muda huo wote msafara mzima ulikuwa umekaa chini, ukila. Mtu aliyetenga vitambaa vya hongo bila kutenga siku za hongo alikuwa amefanya nusu ya hesabu. Vyama vingi vya leo hufanya nusu hiyo hiyo: katika makisio ya mapato na matumizi huwamo fungu la dharura la fedha, lakini katika mpango wa kazi hapana fungu la dharura la siku.

Wanyamwezi wenyewe walikuwa na mpaka mmoja wasioweza kuuvuka, nao ni mvua. Wengi wao walikuwa wakulima. Walishuka pwani wakati wa kiangazi baada ya mavuno, na walitaka kuwa nyumbani wakati wa kupanda. Aliyepanga kurejea siku ile ile ya mvua ya kwanza, akazuiwa wiki tatu njiani, aliweza kukosa mazao ya mwaka mzima. Kwa mtu wa namna hiyo wiki chache zilizobaki wazi kabla ya mvua zilikuwa na thamani ya ghala zima la mtama, na hapana aliyezihesabu kuwa za uvivu.

Kuna matukio ambayo hata nafasi hiyo haitoshi kuyabeba. Henry Morton Stanley alifika Tabora mwezi wa Juni 1871 akikusudia kuendelea Ujiji kwa njia ya moja kwa moja. Vita baina ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe viliifunga njia hiyo. Stanley aliondoka tarehe 20 Septemba, akazunguka kusini, akafika Ujiji mwezi wa Novemba. Chama nacho kinaweza kupata mwaka wa Mirambo, mathalani ghala likiungua au mnunuzi akijitoa katikati ya msimu. Mambo ya ukubwa huo hayatengewi siku katika mpango wa kawaida. Hushughulikiwa kwa kuuvunja mpango na kuandika mwingine, na Bodi isione haya kufanya hivyo. Makala hii inahusu mambo madogo ya kila wiki, ambayo kwa pamoja hula siku nyingi kuliko yale makubwa.

Matrekta ya Urambo

Mfano wa pili uko karibu zaidi kwa wakati. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza katika Tanganyika mradi mkubwa wa karanga, katika maeneo ya Kongwa, Nachingwea na Urambo. Ilikusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu kwa muda wa miaka michache, na katika mwaka wa kwanza zipandwe ekari 150,000. Matrekta mengi yaliyopatikana yalikuwa mabaki ya vita, yaliyokwisha kutumika. Mpango ulihesabu kazi ambayo trekta lingefanya likiwa zima. Kufikia mwisho wa 1947 theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamesimama kwa ubovu, na ekari zilizopandwa katika msimu wa kwanza zilikuwa 7,500 hivi. Mwezi wa Januari 1951 mradi ulifutwa, baada ya kugharimu pauni milioni 36 hivi.

Si haki kusema kwamba kukosa nafasi ya kazi za kuzuka ndiko peke yake kulikoua mradi ule. Udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua haikutosha, na waliopanga hawakuijua nchi. Lakini yafaa makatibu waangalie jambo moja. Mpango wa aina ile, uliojazwa hadi ukingoni, haukuacha siku ya fundi kutengeneza trekta wala siku ya kungoja kipuri. Kila trekta lililolala liliacha pori lake bila kufyekwa, na pori hilo likaongezwa juu ya kazi ya wiki iliyofuata, ambayo nayo ilikuwa imekwisha kujaa. Urambo yenyewe haikufa pamoja na karanga. Baadaye ilisimama kwa tumbaku, iliyolimwa kwa mashamba madogo na kwa mwendo wa polepole zaidi.

Kwa nini foleni haiishi

Watu wengi hudhani kwamba siku moja ikipotea, hasara yake ni ya siku moja tu. Mizani inaonyesha kwamba sivyo.

Tuseme mizani ya chama ina uwezo wa kupima marobota 100 kwa siku, na Katibu amewaita wakulima wenye marobota 100 kila siku. Jumanne umeme unakatika hadi saa sita mchana, yanapimwa marobota 50. Yaliyobaki 50 yanasogea Jumatano. Jumatano imekwisha kuitiwa 100, kwa hiyo jumla ni 150. Yanapimwa 100, yanabaki 50. Alhamisi vivyo hivyo, Ijumaa vivyo hivyo. Marobota 50 ya Jumanne hayakupata kwisha hata siku moja. Yanasukumwa mbele mpaka msimu unafungwa, ila tu wenye nayo hubadilika, leo wa kitongoji hiki, kesho wa kile. Mkosi wa pili ukitokea, juu ya yale 50 huongezeka mengine. Kufikia wiki ya tano, mkulima anasubiri siku mbili kwa kosa la umeme uliokatika kabla hajaanza hata kufunga marobota yake.

Sasa tuseme Katibu ameita marobota 80 kwa siku. Jumanne yanapimwa 50, yanabaki 30. Jumatano jumla ni 110. Yanapimwa 100, yanabaki 10. Alhamisi jumla ni 90, yote yanapimwa, na jioni ghala liko wazi. Mkosi ule ule umekwisha kwa siku mbili, na Ijumaa hapana mkulima anayejua kwamba ulitokea.

Ni kweli kwamba kwa kuita 80 msimu unaonekana mrefu zaidi katika karatasi, na hilo ndilo huwakera wajumbe. Ila msimu ulioandikwa mfupi kisha ukarefuka wenyewe humsumbua mwanachama zaidi kuliko ule ulioandikwa kwa urefu wake halisi, maana katika ule wa kwanza hajui lini aje.

Namna ya kupata idadi

Swali linaloulizwa kwanza ni kiasi gani kitengwe. Haifai kujibiwa kwa kubahatisha, wala kwa kuiga chama jirani, kwa kuwa chama kilicho kando ya barabara kuu ya Urambo hakipati mikosi sawa na chama kilicho ndani ya misitu ya Sikonge, ambako lori likikwama hulala. Jibu limo katika kumbukumbu za chama chenyewe.

Njia ni daftari moja la kawaida. Kila jioni kila mtumishi aandike kazi aliyoifanya ambayo haikuwamo katika mpango, ilianza saa ngapi, ikaisha saa ngapi, na ilitokana na nini. Mistari miwili au mitatu yatosha. Daftari hili lisigeuzwe kuwa ripoti, kwani likianza kudai aya na sahihi tatu, litakufa mnamo wiki mbili kama yalivyokufa madaftari mengi mazuri. Mwisho wa msimu saa hujumlishwa na kugeuzwa kuwa siku.

Tuchukue chama chenye watumishi wanne: Katibu, karani wa hesabu, mtunza ghala na mpimaji. Masoko ni ya wiki nane, siku sita kwa wiki. Hizo ni siku 48, na kwa watu wanne ni siku za kazi 192. Zikitolewa sikukuu na ruhusa zinazojulikana, tuseme 12, zinabaki 180. Daftari la misimu mitatu linaonyesha kwamba kazi za kuzuka zilikula siku 36, kisha 54, kisha 45. Wastani ni siku 45, yaani robo ya siku 180. Basi siku zinazoweza kupangiwa kazi ni 135.

Yafaa kuutazama pia msimu mbaya, ule wa siku 54. Kwa kazi ambayo kuchelewa kwake huharibu mali ya mwanachama, kama kupima na kulipa, ni busara kutenga kwa kufuata msimu mbaya. Kwa kazi inayoweza kungoja, kama kunakili daftari la wanachama, wastani watosha.

Sasa Bodi ikiorodhesha kazi za msimu na kukuta kwamba zinahitaji siku 160, ukweli ni kwamba siku 25 zinakosekana, na hapo ndipo uamuzi unapohitajika. Bodi yaweza kumwajiri kibarua wa kuandika stakabadhi kwa siku hizo 25, na fungu lake liingizwe katika makisio kabla ya Mkutano Mkuu. Yaweza kusogeza baadhi ya kazi nje ya msimu, kwa mfano kuhesabu mali za chama. Yaweza kuongeza wiki moja ya masoko, ikiwa wateuzi na mnunuzi wamekubali. Lolote kati ya hayo ni halali. Ambalo halifai ni kuzibana kazi za siku 160 ndani ya siku 135 na kumwachia Katibu matumaini. Mwezi wa saba yeye ndiye atakayesimama mbele ya wanachama kueleza, na aghalabu ataitwa mzembe, au neno baya zaidi, kwa hesabu ambayo hakuipanga peke yake.

Hesabu ya jumla inaficha jambo jingine. Tuseme katika zile siku 45, Katibu alipoteza 24, karani 11, mtunza ghala 7 na mpimaji 3. Kila mmoja alikuwa na siku 45 za kufanya kazi. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya siku za Katibu huliwa na wageni, simu, mashauri na safari za wilayani, hali mpimaji hasumbuliwi sana. Kumpangia Katibu kazi ngumu zenye tarehe, kama kufunga hesabu za malipo, kwa sababu tu yeye ndiye hodari, ni kuiweka kazi ya haraka mikononi mwa mtu asiye na saa zake mwenyewe. Apewe karani, naye Katibu abaki na zile zinazoweza kukatizwa.

Utaratibu huu wa kupanga kwa kufuata kumbukumbu za kipindi kilichopita unatumika hata na watu wa kazi za mbali kabisa na tumbaku. Watengenezaji wa programu za kompyuta wengi hupanga kazi zao kwa vipindi vifupi vya wiki moja hadi nne, na baadhi yao hufuata kanuni wanayoiita hali ya hewa ya jana: kipindi kijacho usiahidi kazi nyingi kuliko zile ulizozimaliza kweli katika kipindi kilichopita. Wao nao wana lori lao linaloharibika, ambalo ni hitilafu katika programu zilizokwisha kupelekwa kwa wateja. Chama cha tumbaku kina faida moja juu yao, kwamba msimu wake unajirudia kwa majira yale yale kila mwaka.

Kazi zinazozuka kutokana na chama chenyewe

Daftari likisomwa vizuri litaonyesha kwamba kazi za kuzuka si za namna moja. Ziko zinazotoka nje, nazo ni mvua, msiba, lori, umeme, wageni wa serikali. Hizo chama hakiwezi kuzizuia. Kijiji kikiwa na msiba mizani hufungwa, na hakuna Katibu mwenye akili atakayeifungua; kazi ya mpango ni kuwa na mahali pa kuiweka siku hiyo.

Ziko pia zinazozaliwa ofisini. Stakabadhi iliyoandikwa uzito usio sahihi humrudisha mwanachama siku ya pili, humtoa karani katika kazi yake, humtoa mtunza ghala katika yake, na wote watatu hupekua leja. Nyuzi za kufungia marobota zilizoagizwa kwa kuchelewa, ufunguo wa ghala uliosafiri na mtu mfukoni, namba ya akaunti ya benki iliyokosewa tarakimu moja. Kuyatengea mambo haya siku kila mwaka bila kuyaondoa ni kuyalipa mshahara. Ikiwa siku 14 kati ya zile 45 zilikwenda katika kusahihisha stakabadhi, basi siku tatu za kumfundisha mwandishi kabla ya msimu, pamoja na kuhakiki namba za akaunti za wanachama wote mapema, zitarudisha siku nyingi kuliko zilizotumika. Idadi inayotengwa mwaka unaofuata ipungue kwa kadiri makosa hayo yanavyopungua katika daftari, si kwa kadiri Bodi inavyotamani.

Zamu ya dharura

Kutenga siku katika karatasi hakutoshi, kwa kuwa kazi ya kuzuka haiji kwa siku nzima. Huja kwa vipande. Mwanachama husimama mlangoni na kusema, "Ndugu Katibu, jambo langu ni dogo, dakika tano tu," naye Katibu, kwa heshima ya mtu mzima aliyetembea kutoka mbali, hufunga leja na kumsikiliza. Dakika tano huwa 20. Akirudi kwenye leja hakumbuki alifikia mstari upi, hujumlisha upya tangu juu ya ukurasa. Watu wanane wa namna hiyo kwa siku huimaliza siku, na jioni hakuna kazi iliyopangwa iliyokwisha wala jambo kubwa la kuonyesha.

Vyama vyenye watumishi watatu au zaidi vinaweza kuweka zamu. Kila siku mtumishi mmoja, asiyekuwa mpimaji, hukaa meza ya mbele na kupokea kila linalozuka. Wengine huachwa na kazi zao, na huitwa tu ikiwa jambo haliwezi kuamuliwa pasipo wao. Mwenye zamu hapangiwi kazi yenye tarehe siku hiyo. Naye hawezi kukosa la kufanya: kushona magunia yaliyotoboka, kupanga vocha katika majalada, kurekebisha daftari la wanachama waliofariki na warithi wao. Hizo ni kazi zinazoweza kuachwa katikati bila hasara. Ni kosa kumpa kazi mpya kubwa kwa sababu tu leo asubuhi mlango umetulia.

Yapasa pia ijulikane nani ana mamlaka ya kusema kwamba jambo ni la dharura. Ombi la mtu mwenye cheo si dharura kwa sababu ya cheo chake. Mjumbe wa Bodi anayetaka marobota yake yapimwe leo, wakati zamu yake ni keshokutwa, anaila siku ya mwanachama mwingine aliyekwisha kukodi mkokoteni. Kipimo kinachofaa ni swali hili: jambo hili likingoja hadi kesho, ni mali ya nani itakayoharibika, au ni sheria gani itakayovunjwa? Kama jibu ni hakuna, liandikwe katika orodha na lisubiri.

Hoja ya wanachama

Mpango wa namna hii ukisomwa katika Mkutano Mkuu, upo uwezekano kwamba mwanachama atasimama na kuuliza kwa nini watumishi wanalipwa siku 180 hali wamepangiwa 135. Swali hilo ni la haki na lisijibiwe kwa hasira. Wanachama wa ushirika wanaielewa vizuri akiba ya fedha. Hawamwiti mhasibu mvivu kwa sababu kuna fedha benki ambazo hazijatumika mwezi huu. Siku 45 ni akiba ya namna hiyo, tofauti yake ni kwamba hutumika yote au karibu yote, na daftari la mwaka jana likisomwa hadharani, mstari kwa mstari, litaonyesha zilikwenda wapi. Msimu ambao zimebaki nyingi, masoko hufungwa mapema na malipo hutoka mapema, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulilalamikia.

Upande wa pili wa hoja nao una ukweli. Siku zilizotengwa zina tabia ya kujaa zenyewe, na mtumishi mzembe anaweza kuiita kila saa yake kazi ya kuzuka. Ndiyo sababu daftari huandikwa siku ile ile na kutaja chanzo, na mjumbe mmoja wa Bodi hulipitia kila Jumamosi pamoja na Katibu. Mambo yanayojirudia sana kwa jina moja yaulizwe. Saa zisizo na maelezo zisihesabiwe zinapopangwa siku za mwaka unaofuata.

Chama kisicho na kumbukumbu yoyote kianze kwa kutenga moja ya tano ya siku zake, kiandike daftari msimu mzima, kisha kiiache idadi hiyo ya kukisia na kufuata yake. Daftari ni mali ya chama, lina namba yake katika orodha ya vitabu kama leja na daftari la wanachama, na Katibu anapohama hulikabidhi kwa sahihi pamoja na vitabu vingine. Makatibu wengi huondoka na ujuzi huo kichwani, na anayewapokea huanza tena kwa karatasi isiyo na nafasi tupu.